Neno na Maana Yake: Parasite si kimelea

Jirani yetu hapa Kavimvira alirudi juzi kutoka ng'ambo ya ziwa, kumtazama kaka yake aliyewekewa betri ya moyo, kile kifaa kinachochochea mapigo kupitia waya. Alituambia kwa huzuni kwamba madaktari walikuta vimelea ndani ya waya. Wapi! Mtu alitafsiri vibaya neno la Kifaransa, parasite.

Kwa Kigiriki cha kale, parasitos ni mtu anayekula kando ya mwenzake, yaani mdoezi. Wafaransa walilipeleka neno kwa viumbe wanaoishi mwilini mwa wengine, kisha kwenye redio: ule mkwaruzo unaofunika sauti ya Bujumbura ukiweka redio karibu na waya wa umeme. Daktari alikusudia mkwaruzo wa namna hiyo. Umeme wa moyo ni mdogo mno, milivolti chache. Anapotafuta mahali pa kukaza ncha ya waya ndani ya moyo, umeme wa ukutani, unaotetema mara 50 kwa sekunde, hudoea kwenye mchoro wa umeme wa moyo. Ndiyo maana hukaza viunganishi, hutenga nyaya, huzima mashine isiyohitajika. Mkwaruzo ukifika kwenye betri yenyewe, betri yaweza kuudhania pigo la moyo, ikanyamaza wakati inahitajika.

Tuseme mikwaruzo ya umeme, si kelele wala vimelea. Kelele ni ya sokoni, husikika. Mikwaruzo hii huonekana kwenye skrini. Kimelea ana uhai.

Ninyi mnaowatafsiria wagonjwa, tafadhali waambieni: hakuna mdudu, ni umeme wa nje unaoingilia.