Maandamano ya Majoho na Chimbuko la Elimu ya Kujitegemea

Oktoba 22 mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 60 tangu wanafunzi wa chuo kikuu, wakiwa wamevaa majoho yao ya kitaaluma, waandamane hadi Ikulu ya Dar es Salaam. Wanasosholojia wa elimu wana dhana zao: mtaala fiche, shule kama kiwanda cha matabaka, uchu wa vyeti. Tanzania ilizijadili kwa sauti kubwa, mbele ya Rais, kabla nyingine hazijaandikiwa vitabu.

Chanzo kilikuwa Jeshi la Kujenga Taifa. JKT lilianzishwa mwaka 1963 kwa vijana wa kujitolea, na sasa serikali ilitaka wasomi nao watumikie miaka miwili kwa lazima, sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Vijana wakakataa. Tamko walilomsomea Mwalimu Nyerere lilisema miili yao ingeweza kwenda kambini, lakini roho zao zingebaki nje. Bango moja lilidai kwamba enzi ya ukoloni ilikuwa afadhali.

Mwalimu aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawaka. Kama roho hazipo, alijibu, yeye hamtaki hata mmoja wao. Kuhusu mishahara minono ya viongozi aliwakubalia, na papo hapo akapunguza wake kwa asilimia 20. Wao akawaamuru warudi makwao. Zaidi ya 300 walifukuzwa, ingawa wengi walirejeshwa mwaka uliofuata.

Azimio la Arusha lilifuata Februari 1967, na mwezi mmoja baadaye kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Ukikisoma huku ukiyakumbuka yale majoho, hasira yake inaeleweka. Mwalimu anaandika kwamba ni asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi watakaopata nafasi sekondari, ilhali masomo yote yameandaliwa kwa ajili ya hao wachache. Wengine wanatoka wakijiona wameshindwa. Na aliyefaulu anajifunza, bila mwalimu yeyote kumtamkia, kwamba jembe ni la baba yake. Kitabu cha Mmarekani Philip Jackson, kilicholipa jambo hilo jina la mtaala fiche, kilitoka mwaka 1968.

Dawa ilikuwa shamba la shule. Likaja Azimio la Musoma la 1974, na Elimu ya Msingi kwa Wote. Lakini katika shule nyingi aliyepelekwa shambani alikuwa mchelewaji au mtoro, na jembe likageuka kiboko. Ni aibu kwamba wazo zito kiasi hicho tuliliacha life hivyo.

Sasa elimu ya amali, yaani ya ufundi, imerudi kwa sera mpya ya elimu. Ni habari njema, ila tusisahau onyo ambalo mwanasosholojia Philip Foster alilitoa mwaka 1965 baada ya kuchunguza shule za Ghana: wazazi na watoto hawakimbilii masomo ya ofisini kwa kudanganyika, wanafuata yaliko malipo. Kubadili somo bila kugusa malipo ni kazi bure.

Waliojiunga na mkondo wa amali katika kidato cha kwanza Januari 2024 watahitimu kidato cha nne mwaka 2027. Serikali, iliyo mwajiri mkubwa kuliko wote, iwatangazie kabla ya hapo fundi atalipwa shilingi ngapi.