Nyumba ya Mbao na Tetemeko la Ardhi
Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: msingi, nguzo, mshazari, kiungo. Kila kikundi kiwe na kibiriti kimoja kitupu, kipande cha karatasi, na gundi au uji mzito. Tutavihitaji baada ya muda mfupi.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya nyumba. Tutaona jinsi watu wa nchi tatu, Ureno, Marekani na Japani, walivyojifunza kuiimarisha nyumba ya mbao ili isiwaue wenyewe wakati ardhi inapotetemeka. Walijifunza kwa gharama kubwa ya roho za watu. Jambo walilojifunza laweza kusemwa kwa maneno machache: nyumba ya mbao haiangushwi na udhaifu wa mbao, bali huanguka pale ambapo kipande kimoja hakikufungwa na kingine.

Kwanza tufahamu kazi ya tetemeko. Mtu amesimama ndani ya lori. Lori likiondoka ghafula, miguu yake huenda pamoja na lori, lakini kiwiliwili chake hubaki nyuma, naye huyumba. Ndivyo inavyokuwa kwa nyumba. Ardhi huusogeza msingi huku na huku, na paa lililo juu hutaka kubaki mahali pake. Paa likiwa zito, nyumba huyumba kwa nguvu zaidi. Mbao ni nyepesi kuliko mawe, tena hupinda kidogo kabla ya kuvunjika. Kwa hiyo nyumba ya mbao huanza na heri kuliko nyumba ya mawe.

Sasa twaeni kibiriti. Toeni kisanduku cha ndani, mbaki na ganda la nje tu. Liwekeni mezani ili tundu moja liwatazame ninyi. Sukumeni ubavu wa juu kwa kidole. Mwaona? Ganda limelala upande, ingawa hakuna kilichovunjika. Pembe zake tu ndizo zilizolegea. Sasa bandikeni karatasi juu ya tundu moja, ishike kingo zote nne, na mwache ikauke. Mtakaposukuma tena mtaona ganda linakataa kulala. Karatasi ni kitu dhaifu, lakini imezifunga pembe nne zisiachane. Mafundi wetu wa mbao wanalijua jambo hili. Ndiyo maana mlango wa mbao za kupigilia hutiwa ubao wa mshazari mgongoni, usije ukalegea.

Basi twende Ureno, nchi ya wale Wareno walioanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka wa 1593. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, mji mkuu wao Lisbon ulipigwa na tetemeko kubwa. Watu wengi walikuwa makanisani. Majengo ya mawe yaliwaangukia, kisha bahari ikapanda juu ya nchi kavu, kisha moto ukaushika mji ukawaka kwa siku kadhaa. Maelfu mengi ya watu walikufa.

Mfalme José wa Kwanza aliogopa sana kulala tena chini ya dari la mawe. Alijengewa makao ya mbao juu ya kilima cha Ajuda, na aliendelea kukaa huko mpaka alipokufa mwaka wa 1777. Lakini mji mzima hauwezi kuhamia kilimani. Waziri wake, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, aliwataka wahandisi waujenge mji upya. Mkuu wao alikuwa Manuel da Maia, mzee wa karibu miaka 80, na pamoja naye Eugénio dos Santos na Carlos Mardel.

Wahandisi hao walisimamisha nguzo za mbao, wakaziunga kwa boriti, na kati ya nguzo na nguzo wakatia mbao za mshazari zilizopishana kama herufi X. Kisha wakajaza mawe na chokaa katikati, wakapiga lipu juu yake. Mtu akipita njiani huona ukuta wa kawaida, kumbe ndani yake mna mifupa ya mbao. Wareno waliita mifupa hiyo gaiola, maana yake tundu la ndege. Husimuliwa kwamba mfano wa jengo hilo ulisimamishwa uwanjani, askari wakaamriwa kupiga miguu kwa kishindo kuuzunguka, ili kujaribu kama utasimama.

Nyumba nyingi za namna hiyo zimo Lisbon hata leo. Lakini katika baadhi yake, wenye maduka walikata nguzo na mishazari ya chini ili wapate nafasi pana. Hawakujua, au hawakujali, kwamba walikuwa wakikata kile kilichowekwa kuwalinda.

Tuvuke bahari twende California, jimbo la Marekani lililo upande wa magharibi. Huko watu wengi hukaa katika nyumba za mbao. Nyingi za zile za zamani zilijengwa hivi: msingi wa saruji au matofali, juu yake boriti ya chini, juu ya boriti vijiguzo vifupi, na juu ya vijiguzo ndipo sakafu. Mara nyingi boriti ile ya chini ilikuwa imewekwa tu juu ya msingi, kama sufuria iliyowekwa juu ya mafiga. Uzito wa nyumba ndio ulioishikilia.

Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga eneo la San Francisco na miji iliyo kusini yake. Katika miji ya Santa Cruz na Watsonville nyumba za zamani ziliteleza zikaacha misingi yake, au vijiguzo vile vikalala kama ganda la kibiriti. Kuta za juu, madirisha na paa huenda vikawa vizima, lakini nyumba imeshuka chini, mabomba yamekatika, na mwenyewe hana pa kulala.

Dawa yake haikuwa ngumu. Fundi huingia chini ya sakafu na taa yake. Hutoboa boriti ya chini mpaka ndani ya saruji, akatia bolti za chuma na kuzikaza kwa nati. Kisha hupigilia mbao za plaiwudi juu ya vijiguzo kwa misumari mingi. Plaiwudi hiyo ndiyo ile karatasi mliyoibandika katika kibiriti. Mambo haya yalikuwa yamekwisha julikana kabla ya mwaka 1989, na nyumba zilizofungwa namna hiyo zilifaulu kuliko jirani zake. Baadaye jimbo lilianzisha mpango wa kuwasaidia wenye nyumba kwa fedha, hadi dola 3,000 kwa nyumba moja.

Kulikuwa na udhaifu wa pili. Majengo mengi ya ghorofa yalikuwa na vyumba vya kulala juu, na chini mahali pa kuwekea motokaa. Mahali hapo hapana kuta, ila nguzo chache na milango mipana. Tarehe 17 Januari 1994, saa kumi na nusu ya alfajiri, tetemeko la ukubwa wa 6.7 lilipiga Northridge, sehemu ya Los Angeles. Katika jengo moja la ghorofa tatu, sehemu ya chini ilikunjika, na watu 16 waliokuwa wamelala katika vyumba vya chini walikufa. Mwaka 2013 mji wa San Francisco ulitoa amri kwamba majengo ya mbao yenye udhaifu huo yaimarishwe, kwa fremu za chuma au kwa kuta imara. Los Angeles ulifuata mwaka 2015. Hesabuni wenyewe: tangu watu wale 16 walipokufa mpaka amri hiyo, ilipita miaka 21.

Sasa Japani. Tarehe 17 Januari 1995, mwaka mmoja kamili baada ya Northridge, tetemeko lilipiga mji wa Kobe kabla ya jua kuchomoza. Watu zaidi ya 6,400 walikufa. Wengi wao walibanwa na nyumba zao wenyewe, na nyingi za nyumba hizo zilikuwa za mbao, za zamani. Wajapani ni mafundi hodari wa mbao. Imekuwaje basi? Paa zilikuwa za vigae vizito vilivyolazwa juu ya udongo, na kuta zilikuwa na nafasi pana za milango na mishazari michache. Katika nyumba nyingi, mchwa na unyevu vilikuwa vimekwisha kula boriti za chini na viungo vya nguzo. Kichwa kizito, miguu iliyooza.

Nyumba zilizojengwa kwa kanuni mpya za mwaka 1981 zilisimama vizuri zaidi. Kwa hiyo mwaka huo huo wa 1995 Japani ilitunga sheria ya kuhimiza uimarishaji wa majengo ya zamani. Mwaka 2000 kanuni za nyumba za mbao zilieleza kwa urefu ni vyuma gani vitumike kufunga nguzo, boriti na mishazari.

Hata hivyo, sheria haipigilii misumari. Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko lilipiga rasi ya Noto, sehemu ambayo wakazi wake wengi ni wazee. Nyumba nyingi za mbao ambazo hazijaimarishwa ziliporomoka, katika nchi ile ile yenye ujuzi mwingi. Mzee anayekaa peke yake, mwenye kipato kidogo, aweza kujua hatari ya nyumba yake na asiwe na fedha wala nguvu ya kuiondoa. Hapa ndipo historia inapotuuliza swali zito. Elimu ikibaki kwa mhandisi peke yake, itamwokoa nani?

Na sisi je? Ardhi yetu nayo hutetemeka, kwa kuwa Bonde la Ufa limepita kwetu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukoba na sehemu nyingine za Kagera. Watu zaidi ya 15 walikufa na maelfu ya nyumba yaliharibika, nyingi zikiwa za matofali. Ujenzi wa matofali una somo lake. Lakini mwenye nyumba ya miti na udongo ana mifupa ya mbao tayari, na anaweza kuikagua leo. Achimbe kidogo kwenye shina la nguzo atazame kama limeoza au limeliwa na mchwa. Avute fito aone kama bado zimeshikwa. Atazame kama boriti ya juu imefungwa na kila nguzo, na kama paa limefungwa na boriti. Kila pembe aitie mti wa mshazari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baada ya tetemeko huenda asiwepo wa kuujenga.

Maswali ya mazungumzo:

1. Kwa nini paa zito ni hatari wakati wa tetemeko?
2. Karatasi katika kibiriti ni mfano wa kitu gani katika nyumba za California?
3. Wenye maduka wa Lisbon walikosea nini? Je, katika kijiji au mtaa wenu kuna nyumba iliyotobolewa ukuta au kuondolewa nguzo?
4. Jirani yenu ni mzee na nyumba yake imeoza nguzo. Nani amsaidie, na kazi ianze wapi?

Mwalimu, swali la nne lipewe muda mrefu kuliko mengine, na majibu yake yaandikwe daftarini. Kwaherini, wasikilizaji.