Kwa nini aliyefika wa kwanza hatibiwi wa kwanza

Mnaniuliza sana kwa nini hospitali za huku Uingereza mtu anawahi kufika halafu anapitwa. Jambo hili lilianzia vitani. Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, aliagiza majeruhi aliye hatarini zaidi atibiwe kwanza, bila kujali cheo. Yaani jenerali mwenye mchubuko amsubiri askari anayevuja damu.

Mwaka 1994 madaktari na wauguzi wa Manchester walianza kupanga utaratibu wa rangi 5: mgonjwa wa nyekundu anaonwa papo hapo, wa bluu anaweza kungoja hata saa 4. Muuguzi ndiye anayepanga, akiangalia pumzi, damu, fahamu na maumivu.

Kwa hiyo wapendwa, ukipitwa usinune. Ila ukizidiwa ukiwa unangoja, sema! Rangi hubadilishwa.