Kichuguu na Historia Yake

Kichuguu ni jengo la udongo ambalo mchwa hulijenga juu ya kiota chao. Wajenzi ni mchwa vibarua, ambao huokota chembe za udongo kwa taya, huzilowesha kwa mate na kuzibandika moja juu ya nyingine hadi kuta zisimame. Ndani mna chumba cha malkia, vyumba vya kulelea makinda na bustani za kuvu. Mchwa wa jamii ya Macrotermes hula majani makavu na mabua kwa msaada wa kuvu hiyo, iitwayo Termitomyces: huyameza, huyatoa yakiwa hayajameng'enywa sawasawa, huyarundika bustanini, na kuvu ikishayalainisha huyala tena. Mvua zinapoanza, uyoga wa kuvu hiyo huchomoza kichuguuni nao huliwa na watu.

Kilimo hicho ni cha kale mno. Katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, kumepatikana viota vya mchwa vilivyogeuka mawe vikiwa bado na bustani za kuvu. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2016 inakadiria umri wake kuwa miaka milioni 25. Vichuguu vinavyosimama leo navyo hudumu. Katika miombo ya Katanga, karibu na Lubumbashi, vipimo vya kaboni vilivyotangazwa mwaka 2015 vilionyesha kwamba kuna kichuguu kilichohamwa chenye umri wa zaidi ya miaka 2,000.

Binadamu alianza mapema kuitumia kazi ya mchwa. Udongo wa kichuguu hutolewa chini, una mfinyanzi mwingi na hushikamana vizuri, kwa hiyo umetumika kufyatua matofali, kusiriba kuta na kusakafia nyumba. Matumizi yake mengine makubwa yalikuwa katika uhunzi. Katika nchi ya Wahaya, Kagera, ambako chuma kiliyeyushwa tangu takriban miaka 2,000 iliyopita, tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani. Udongo huo una alumina na silika, hivyo hustahimili moto mkali wa mivukuto. Wafipa wa Rukwa nao walijenga kwa udongo wa vichuguu matanuri marefu kuliko mtu. Chuma cha bei nafuu kutoka Ulaya kilipoenea, uyeyushaji huo ulififia. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978.

Huko Ulaya, maelezo marefu ya kwanza ya vichuguu vya Afrika yalitolewa na Henry Smeathman, aliyeishi Sierra Leone na kuchapisha ripoti yake London mwaka 1781. Swali lililobaki lilikuwa jinsi maelfu ya wadudu wanavyopata hewa ndani ya kuta nene. Mwaka 1961 Martin Lüscher, aliyefanya vipimo Côte d'Ivoire, alieleza kwamba joto la kiota hupandisha hewa, nayo hushuka tena kupitia mirija ya pembeni na kusafishwa njiani. Maelezo hayo yalikubalika kwa miaka mingi. Mwaka 2001 Scott Turner, kwa kufuatilia mwendo wa gesi ndani ya vichuguu, alionyesha kwamba upepo wa nje una nguvu kubwa zaidi. Baadaye, vipimo vilivyofanywa India na Namibia vilithibitisha kwamba tofauti ya joto kati ya mchana na usiku nayo husukuma hewa.

Jengo la Eastgate mjini Harare, lililobuniwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, lilifuata fikra ya awali ya Lüscher kuhusu vichuguu: feni huvuta hewa baridi ya usiku, zege nene huutunza ubaridi huo, na hewa ya moto hutokea juu. Ingawa wataalamu sasa wanakieleza kichuguu kwa namna nyingine, jengo hilo hutumia umeme kidogo kuliko majengo ya ukubwa wake yenye viyoyozi vya kawaida.