Kutoka Mawaidha Hadi Matuta: Misaada ya Usalama Barabarani

Kwa miongo mingi, usalama barabarani katika nchi zinazoendelea ulihesabiwa kuwa kazi ya mawaidha. Mtoto alifundishwa kuangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena, naye dereva alihimizwa kuwa makini. Fedha za wafadhili ziliingia kwenye lami, na lami mpya ikaleta mwendo kasi katikati ya vijiji ambako watu wengi hutembea kwa miguu. Ajali ilipotokea, alilaumiwa dereva au mtoto mwenyewe, au ikasemwa kuwa siku yake ilikuwa imefika.

Mtazamo huo ulianza kubadilika mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2001 taasisi ya FIA Foundation, inayofadhili usalama barabarani, iliundwa kwa dola milioni 300 zilizotokana na haki za kibiashara za mashindano ya Formula 1. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia zilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba vifo vya ajali za barabarani, takriban milioni 1.2 kwa mwaka, vinazuilika. Baadaye Bloomberg Philanthropies ilitenga dola milioni 125 kwa nchi 10. Nchini Kenya, mojawapo ya nchi hizo, kazi ilielekezwa Thika na Naivasha, kudhibiti mwendo kasi na kuhimiza kofia ngumu kwa waendesha pikipiki. Umoja wa Mataifa nao ukautangaza mwongo wa 2011 hadi 2020 kuwa wa usalama barabarani.

Vietnam ilikuwa imekwisha kuonyesha nguvu ya misaada hiyo na mipaka yake. Shirika moja la hisani lililoundwa mwaka 1999 lilianzisha kampeni ya kofia ngumu, likafungua hata kiwanda cha kutengeneza kofia nyepesi zinazofaa nchi ya joto. Hata hivyo, wengi waliendelea kupanda pikipiki vichwa wazi mpaka tarehe 15 Desemba 2007, sheria ilipowalazimu wote kuzivaa.

Mfano wa karibu zaidi, na pengine wenye mafunzo makubwa zaidi, ni Dar es Salaam. Wanafunzi wengi wa shule za msingi za jiji hilo huenda shule kwa miguu, wakipita pembezoni mwa barabara zisizo na njia zao, wakibanana na daladala na bodaboda. Shirika la Amend lilianza kwa kuuliza ni watoto wa shule zipi wanaogongwa zaidi, na wapi hasa. Kisha likachunguza njia wanazopita na kujenga vitu vya gharama ndogo: matuta, vivuko vya pundamilia, njia za waenda kwa miguu, alama na vizuizi vya magari. Mara nyingine lango la shule lilihamishiwa upande wenye magari machache. Mafunzo ya darasani hayakuachwa, lakini mtoto hakuachiwa tena mzigo wote wa kujilinda.

Jambo lililoipa kazi hiyo uzito ni kupimwa kwake. Shule zilizofanyiwa marekebisho zililinganishwa na ambazo hazijafikiwa, na majeraha miongoni mwa watoto yakaonekana kupungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mpango huo, uitwao SARSAI, ulishinda tuzo ya WRI Ross Prize for Cities yenye thamani ya dola 250,000, nao ukaenezwa katika nchi nyingine za Afrika. Wafadhili hulipia ujenzi wa mwanzo. Kupaka upya rangi za vivuko na kukarabati matuta hubaki mikononi mwa mamlaka za barabara na bajeti zake.