Desa lililopigwa marufuku

Wiki hii siasa za bweni naziweka pembeni, naleta historia kidogo.

Kila chuo kina madesa yake. Ila desa maarufu kuliko yote kwenye fani ya kompyuta, lile lililotolewa kopi ya kopi ya kopi mpaka maandishi yakafifia, lilitoka Sydney, Australia. Na wengi waliokuwa nalo hawakutakiwa kuwa nalo.

Mwandishi wake ni John Lions, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New South Wales. Mwaka 1976 alikuwa anafundisha mifumo endeshi, zile programu mama zinazoendesha kompyuta nzima. Tatizo lake mtalielewa. Mwanafunzi anakula nadharia mpaka basi, anaandika viprogramu vyake vya mistari 50, anamaliza chuo hajawahi kusoma programu kubwa ya kweli iliyoandikwa na watu wanaoijua kazi. Ni sawa na kumfundisha mtu kuandika riwaya bila kumpa hata riwaya moja asome.

Unix ndiyo ikampa mwanya. Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuitengeneza 1969 pale Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T. Sasa AT&T, kwa makubaliano yake na serikali ya Marekani ya mwaka 1956, ilikuwa hairuhusiwi kufanya biashara nje ya mambo ya mawasiliano. Kwa hiyo vyuo vilipewa Unix kwa ada ndogo tu, tena pamoja na msimbo chanzo, yaani yale maandishi yenyewe ya programu ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Kiini cha Toleo la 6, lililotoka 1975, hakikufika mistari 10,000. Mtu mmoja akikaa chini anakimaliza, na anakielewa.

Lions akafanya kazi ambayo mimi naiona ya kichaa kabisa. Akauchapa msimbo wa kiini, kila mstari akaupa namba, halafu akaandika kitabu cha pili cha kuufafanua: hapa programu moja inapumzishwa ili nyingine ishike zamu, hapa faili linasomwa kutoka kwenye diski. Pale mstari wa 2238 wenye Unix yao walikuwa wameacha maelezo mafupi kwamba msomaji hategemewi kuelewa sehemu hiyo. (Ritchie alikuja kusema baadaye kwamba hata wao wenyewe hawakuwa wanaielewa. Nilicheka peke yangu kama mwehu.)

Vitabu vikatoka 1977. Mwaka 1979 likaja Toleo la 7 na leseni yenye masharti mapya: msimbo usitumike kufundishia darasani. AT&T walishaona kwamba kitu hiki kina pesa, na siri ya biashara inayofundishwa kila muhula haitabaki siri. Ukikaa upande wa mwanasheria wao, hoja unaiona. Lakini aliyeumia si mshindani wao kibiashara, ni mwanafunzi. Kitabu cha Lions kikawa cha wenye leseni tu.

Hapo ndipo mashine za fotokopi zilipoingia kazini. Watu hupenda kuisimulia sehemu hii kama ushindi wa wajanja. Mimi sikubaliani sana. Kopi ilimfikia mwenye rafiki, au rafiki wa rafiki. Asiye na mtu alibaki na nadharia yake. Na mwalimu hawezi kufundisha waziwazi kitu kinachosomwa kwa kujificha, wala kukitungia mtihani.

Andrew Tanenbaum, aliyekuwa anafundisha Vrije Universiteit kule Amsterdam, aliona njia ni moja tu: aandike mfumo wake toka sifuri, usio na hata mstari mmoja wa AT&T. Ndiyo MINIX ya 1987, msimbo wake ukiwa ndani ya kitabu cha kiada. Kijana mmoja wa chuo kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akakinunua, na 1991 akaanza kuandika Linux kwenye kompyuta aliyoiwekea MINIX. Simu ya Android uliyoshika hapo, kiini chake ni Linux. Sisemi kwamba leseni ya 1979 ndiyo iliyozaa Linux, ila bila hiyo sioni kwa nini Tanenbaum angejisumbua vile.

Kitabu cha Lions kilichapishwa rasmi na kuuzwa madukani 1996, haki za Unix zikiwa zimeshahamia mikono mingine. Lions akafariki Desemba 1998. Mwaka 2002 MIT walianza kukitumia darasani, mchana kweupe, na 2006 wakaandika mfumo mdogo wa kufundishia kwa kufuata Toleo la 6, wakauita xv6. Msimbo wake ulichapwa kama kijitabu, kila mstari na namba yake.