Kutoka Gari la Mizigo hadi Kipanya: Sheria na Ugeuzaji wa Magari Makuukuu Mwanza
Historia ya vipanya vya Mwanza haielezeki kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 pekee. Toyota Hiace iliyotoka Japani ikiwa gari la mizigo, kisha ikafungwa viti gereji, ilipitia vyombo vitatu: askari wa usalama barabarani kwa ukaguzi, TRA, iliyoanza kazi mwaka 1996, kwa usajili, na SUMATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2001 na nafasi yake katika usafiri wa nchi kavu kuchukuliwa na LATRA mwaka 2019, kwa leseni ya abiria. Kila chombo kilishika karatasi yake. Uimara wa bolti zilizokaza kiti kwenye sakafu ya bati, ambao ndio uhai wa abiria wa Igoma au Nyegezi, ulibaki dhamana ya fundi. Naye, kwa maoni yangu, ndiye shahidi ambaye watafiti wamechelewa kumhoji.